Nani anatunza hadithi zinazoandikwa kwenye simu? (Uzi mrefu, wavivu pitieni komenti)

KurasaZaNjano

Wakuu, kwema?

Kila likizuka suala la vitabu hapa nchini tunasikia wimbo uleule: vijana hawasomi, simu zimewamaliza. Nimeuchoka. Panda daladala ya Mbagala jioni, chungulia kwa adabu simu ya jirani yako. Wengi wanatazama video, sawa. Lakini yule dada wa dirishani anasoma kitu kilichoandikwa juu SEHEMU YA 47. Aya kwa aya, hakuna picha wala muziki, kwenye kioo kilichopasuka pembeni. Akishuka Rangi Tatu ataendelea kusoma huku anatembea, bodaboda wampigie honi. Huyo ukimwambia hasomi unamtukana bure.

Kwa wasiofuatilia, utaratibu uko hivi. Mtunzi anaanzisha hadithi kwenye ukurasa wake wa Facebook. Anaweka sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikikatikia pabaya: mlango unagongwa, simu inaita, mke anafungua begi la mume. Chini anaandika "komenti zikifika 200 naachia inayofuata". Watu wanaweka nukta, wanaweka namba, wanawaita mashoga zao waje kujazia. Ikifika sehemu ya kumi au kumi na tano tangazo linatoka: kuanzia hapa tunahamia WhatsApp, anayetaka kuendelea atume elfu moja au elfu mbili kwa namba hii, jina litakuja la fulani. Kwenye grupu la kulipia hadithi inafika mwisho, halafu inaanza nyingine. Wapo watunzi wanaoendesha magrupu kadhaa kwa mpigo, kila moja na hadithi yake, na hawachanganyi. (Au wanachanganya kidogo, tutafika huko.)

Kulishwa hadithi vipandevipande si jambo geni kwetu. Vyombo binafsi vya habari viliporuhusiwa miaka ya 1990, magazeti pendwa yalijaa hadithi za kuendelea, mtunzi Eric Shigongo akiwa kinara, na kuna nyumba zilinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo tu. Kabla ya hapo vilikuwepo vitabu vya mfukoni. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wakaingia majumbani. Katalambulla akaleta Simu ya Kifo mwaka 1965. Musiba akamtoa jasusi Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, na baadaye Mtobwa akaja na Joram Kiango wake. Wazee wa wakati ule nao walilalamika kwamba vijana wanasoma takataka za kijasusi badala ya Shaaban Robert. Kwa hiyo sina ugomvi na watoto wa leo kusoma mapenzi na visasi.

Ninachokuja nacho ni kingine. Kitabu cha Musiba cha 1974 unaweza kukipata leo kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandika chini pale Posta. Kimekatika jalada, kina jina la mtu kwa kalamu ya wino, lakini kipo. Sasa niambieni, ile hadithi iliyowakesha watu mwaka 2014 kwenye Facebook, mkagombana kwenye komenti nani anastahili kuolewa, iko wapi? Akaunti ya mtunzi ilidukuliwa, au ilifungwa, au alibadili jina, au aliokoka akafuta zote. Zile za WhatsApp ndiyo kabisa: simu ikiibiwa Kariakoo, riwaya nzima imekwenda na kibaka ambaye hata hataisoma. Na blogu? Kulikuwa na blogu za hadithi kibao. Zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, leseni na ada zake kwa mwaka wa kwanza zikapita shilingi milioni mbili kwa jumla, wenye blogu ndogo wakafunga. Ukibonyeza anwani zao leo unakutana na ukurasa mtupu au tangazo la kamari.

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu na 1840. Mashairi yake tunayo kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua Abdallah aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akamsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyaandika, na mwaka 1940 Hichens akayachapa. Miaka mia nzima mashairi yalisubiri mtu wa kuyashika. Hadithi ya WhatsApp haisubiri hata mwaka mmoja, na sioni Sikujua wa kuikusanya.

Naamini kwamba huu ndio wakati ambao watu wengi zaidi wanaandika na kusoma hadithi kwa Kiswahili kuliko wakati wowote uliopita, na ndio wakati utakaoacha alama chache zaidi. Mtafiti wa mwaka 2070 akitaka kujua sisi tulikuwa tunaota nini, atakuta pengo.

Nawasilisha.

JiraniMkimya

Nimeweka kambi hapa.

BandoLimeisha

Komenti zikifika 200 ndipo nisome aya ya pili.

FundiChapa

Mkuu umeandika vizuri lakini umemsahau mhariri. Mimi nimekaa kwenye uchapaji tangu enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono. Kitabu kilikuwa hakifiki kwangu kabla hakijapita kwa mtu mwenye kalamu nyekundu na roho mbaya. Anakata sura nzima. Anamuuliza mwandishi: huyu mjomba ulimuua ukurasa wa 30, harusini amefikaje?

Sasa soma hizo za simu. Binti yangu alinionyesha moja, shujaa anaitwa Jackson hadi sehemu ya 12, kuanzia ya 13 anaitwa Johnson na hakuna anayeshtuka. Mwanamke ana mimba ya miezi mitano, sehemu tano baadaye, bado ni jumatatu ileile, anajifungua. Hiyo ndiyo "wanachanganya kidogo" uliyosema. Kijana ana kipaji, mazungumzo yake yanapumua kweli, ila hana mtu wa kumwambia "rudi nyuma".

Halafu msizipambe sana zile enzi. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa haionekani, fedha za kigeni hakuna, wachapishaji wana miswada makabatini na hawana cha kuchapia. Kiwanda cha Mgololo kilipoanza 1985 tulidhani tumeokoka. Miswada mingi mizuri iliozea kwenye madroo wakati ule, na hakuna simu iliyohusika. Kwa hiyo pengo unaloliogopa tushawahi kuwa nalo, kwa sababu nyingine.

MtunziWaUsiku

Nimesoma kimya nikaona niseme maana mnatuzungumzia sisi kama marehemu.

Mimi ni mmoja wao. Naandika kwa kidole gumba, kwenye simu, watoto wakishalala. Aya zangu ni fupi kwa sababu kioo ni kifupi. Ukiandika aya ya mistari ishirini msomaji anaona ukuta anakimbia. Kila sehemu naimaliza na arosto kwa sababu arosto ndiyo inayomfanya mtu atume hela. Mkuu FundiChapa, Jackson kuwa Johnson inatokea kwa sababu sehemu ya 12 niliiandika jana na ya 13 wanaidai leo saa mbili usiku, nikichelewa dakika kumi grupu linawaka moto. Zamani mwandishi alimaliza kitabu ndipo msomaji akakiona. Mimi msomaji yupo mezani kwangu ninapoandika. Nikimuua mtu wasiyetaka afe, wananiambia mfufue. Nimewahi kumfufua mtu. Mauzo yalipanda.

Kuhusu kuhifadhi: siandiki ili nihifadhiwe, naandika kodi ilipwe. Samahani kama inasikika vibaya kwa wapenda fasihi. Na anayenitesa si mdukuzi, ni mwizi wa kopi-pesti. Hadithi nimeiuza kwenye grupu saa mbili, saa nne imeshawekwa kwenye ukurasa mwingine, jina langu limefutwa, limewekwa la mtu nisiyemjua. Kuna chaneli imeisoma hadithi yangu kwa sauti nzito yenye muziki wa huzuni nyuma yake, imetazamwa na watu wengi kuliko nitakaowahi kuwaona maishani, sijapata hata asante. Nenda kashtaki, mnaniambia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, najua. Nauli ya kwenda kufuatilia na wakili ni kiasi gani, na hadithi niliiuza elfu moja moja?

BandoLimeisha

Dada, huyo uliyemfufua ni yule daktari? Niambie ukweli, nilikuwa mmoja wa waliodai.

MtunziWaUsiku

😂 Sisemi. Lipia ujue.

MwalimuWaZamu

Nafundisha Kiswahili sekondari, acha niseme upande wa uandishi.

Wazazi wetu wengi waliandika barua chache sana, na barua yenyewe ilikuwa na njia iliyochongwa tayari: "Natumaini u mzima wa afya njema, ama mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Madhumuni ya barua hii…" Ukifika kwenye madhumuni karatasi imeisha. Wengine waliandikiwa na jirani anayejua kusoma. Salamu nyingine zilipita redioni kwa kadi, jina, mtaa na ujumbe wa mstari mmoja.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili anaandika kutwa nzima. Anagombana kwa maandishi, anatongoza kwa maandishi, anaomba msamaha kwa maandishi, anamtungia mwenzake uongo wa kumwambia mama. Hakuna kizazi cha Watanzania kilichowahi kuandika Kiswahili kiasi hiki bila kulazimishwa. Miaka ile ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160 na kila ujumbe una bei, wakabana: xaxa, cjui, wa2, ucku mwema. Wakubwa walipiga kelele kwamba lugha inakufa. Bei ya ujumbe iliposhuka na WhatsApp ilipokuja, mbano ukapungua wenyewe. Leo mtoto akiandika "xaxa" wenzake wanamcheka kwamba ni wa zamani. Ilikuwa uchumi tu, haikuwa uasi.

Ninachokiona kimepungua ni kukaa na kitu kirefu kilichotulia. Hadithi ya sehemu 60 ni ndefu, ndiyo, lakini kila sehemu inakushika shati. Nikiwapa sura ambayo hakuna anayegonga mlango, mtu anaangalia mvua na kufikiri, wananiuliza "mwalimu, hii inaenda wapi?" Hawajazoea kusubiri. Hilo silaumu simu moja kwa moja, ila nalisema.

Na nukta moja ya ugomvi wangu binafsi: ile alama ya ng'. Kibodi za simu zimeificha nyuma ya vidole viwili, matokeo yake ngombe, ngambo, kungaa. Watu wazima, wenye shahada.

JiraniMkimya

Mwalimu unawatetea mno. Mimi naajiri vijana, barua zao za maombi ya kazi zinaanza na "Mambo vp boss".

MwalimuWaZamu

Mkuu, hao hawajafundishwa barua rasmi, wamefundishwa mtihani wa barua rasmi. Niletee mmoja nikae naye siku moja.

ShambaDarasa

Naomba nisiwe mnafiki. Nusu ya hadithi mnazozililia ni chombezo, hadithi za chumbani. Mnataka Maktaba Kuu iweke chombezo kwenye rafu, watoto wa shule wakakute? Nyingine zifutike tu kwa amani.

KurasaZaNjano

ShambaDarasa, swali zuri na nilikuwa nalisubiri. Kutunza si kutandaza. Maktaba zote kubwa duniani zina vitu ambavyo mtoto hapewi. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua mwanamke wa mjini wa mwaka 2020 alizungumzaje kuhusu mwili wake, ndoa na fedha pale ambapo shehe, mchungaji na baba mkwe hawapo, hatapata kwenye hotuba za mgeni rasmi. Atapata kwenye chombezo. Wewe usisome, lakini usichome.

BintiPwani

Salaam kutoka Lamu. Nimeletewa linki hii na mtu, nikajiandikisha ili nijibu.

Ndugu mwenye uzi unaisujudia karatasi kupita kiasi. Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 uliandikwa na mama kwa bintiye mmoja, Mwana Hashima. Enzi zake haukuchapwa, haukuuzwa, haukupelekwa maktaba. Ulifika kwetu kwa sababu wanawake waliupenda wakaunakili kwa mkono, na wasioweza kunakili wakauhifadhi kifuani, wakaughani arusini na majumbani. Kila nakala ina tofauti zake: beti hii ipo huku, kule haipo. Yaani, kwa lugha yenu, walikopi na kupesti. Kama kila mwanamke wa Pate na Lamu angeheshimu hakimiliki, leo tusingekuwa na utendi.

Kwa hiyo hao wezi wa hadithi za dada MtunziWaUsiku, ambao nawalaani pamoja naye kwa kumfuta jina, huenda ndio wanaofanya kazi ya kuhifadhi bila kujua. Hadithi iliyoibiwa ikawekwa sehemu ishirini haifi akaunti moja ikifungwa. Na ile iliyosomwa kwa sauti nzito yenye muziki ndiyo imerudi kwenye njia yetu ya asili. Tenzi ziliandikwa ili zighaniwe. Kusoma peke yako, kimya, mdomo umefungwa, ndiyo desturi ya kuja. Bibi yangu hajui kusoma herufi za Kizungu, anajua za Kiarabu kidogo, lakini anasikiliza simulizi kwenye simu ya mjukuu wake kila usiku, na anamkosoa mtunzi.

La pili, kuhusu kuweka vitu kwenye kompyuta. Miswada ya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu ilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kazi nzuri, nawashukuru walioifanya. Miswada ya Kiswahili iliyoko chuo cha SOAS, London, nayo mingi imeorodheshwa mtandaoni, mtoto wa Siyu anaweza kutazama mwandiko wa mzee wake bila viza. Lakini Oktoba 2023 hiyo Maktaba ya Uingereza yenyewe ilivamiwa na wadukuzi, katalogi ikazimika, na sehemu kubwa ya miswada iliyowekwa mtandaoni haikufikika kwa miezi mingi. Maktaba tajiri kama ile! Wakati huo vyuo vyetu, yaani vitabu vyetu vya karatasi, viko Lamu kabatini, na mchwa wetu tunawajua kwa majina.

MtunziWaUsiku

Dada BintiPwani nimekuelewa na nimekasirika. Mwana Kupona hakuwa anaulizwa kodi tarehe moja. Wanawake walionakili hawakuuza nakala wala hawakuandika "mtunzi: mimi". Tofauti ni hiyo tu na ndiyo yote.

Ila hapo kwa bibi anayemkosoa mtunzi nimecheka. Mwambie aje grupu, atasoma bure.

BintiPwani

Nimemwambia. Anasema kwanza ukome kuwafanya mama wakwe wote wachawi.

KakaWaMuscat

Huku Oman tuna wazee wengi waliotoka Unguja, Kiswahili chao ni kile cha kabla ya 1964 hakijaguswa. Watoto wetu wanakisikia wanakijibu kwa Kiarabu. Kitabu cha Kiswahili hata ukiwapa hawawezi, shule hawajakisoma. Lakini hizo simulizi za sauti wanasikiliza pamoja na bibi zao. Hoja yangu ni ndogo: msiidharau sauti kwenye hesabu ya "kusoma". Sisi tuliolelewa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania na sauti ya Debora Mwenda tulikuwa tunasoma kwa masikio.

FundiChapa

Kusikiliza ni kusikiliza. Mtu anayesikia hajifunzi wapi inawekwa mkato.

MwalimuWaZamu

Na wewe uliyepanga herufi za risasi unajua kwamba mkato wenyewe uliwekwa kuonyesha mtu avute pumzi wapi?

JiraniMkimya

Nimekaa kimya sana, acha nichangie jambo moja mnalolisahau. Mnazungumzia hadithi ndefu, lakini maandishi yanayosomwa kuliko yote hapa ni status za WhatsApp. Na hizo ni kanga. Kabisa. Mwanamke alivaa jina la kanga likamfikia mlengwa aliye upande wa pili wa uzio, yeye akajifanya hajui; kina Mali ya Abdulla wa Mombasa wamefanya biashara ya maneno hayo kwa vizazi. Leo jirani anaweka "Kelele za mlango hazinizuii kulala" saa kumi na mbili asubuhi, na watu watatu tofauti wanaamini ni wao. Lakini kanga ya marehemu bibi bado iko sandukuni mwangu na jina linasomeka. Status inakufa baada ya saa 24. Kwa hilo namuunga mkono mwenye uzi.

NyayaZaKompyuta

Naona watu wanajadili kana kwamba kutunza ni kazi ya serikali na mamilioni. Kidogo cha kiufundi.

Hadithi ya sehemu 60, kila sehemu maneno elfu moja, ikiwekwa kama maandishi matupu haifiki hata megabaiti moja. Picha moja ya harusi kwenye simu yako ni nzito kuliko riwaya hiyo. Hadithi zote za magrupu yote mnayoyajua zinaingia kwenye fleshi moja ndogo. Kwa hiyo nafasi si tatizo.

Tatizo ni mahali zilipo. Shirika la Internet Archive linahifadhi kurasa za mtandao tangu 1996, na blogu kadhaa zilizofungwa utazikuta humo ukiweka anwani ya zamani. Lakini chombo chao kinaona kile kilicho wazi. Facebook nyingi inataka uingie kwanza, na WhatsApp imefungwa kwa ufunguo walio nao wenye simu tu. Hapo hakuna roboti wa kukusaidia. Ni mtunzi au admini mwenyewe aingie kwenye grupu, achague kuhamisha gumzo bila picha, apate faili la maandishi, ajitumie kwa barua pepe. Dakika mbili. Tahadhari: faili hilo litabeba namba na majina ya wanagrupu, kwa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote lisafishwe, zibaki sehemu za hadithi tu. Na komenti kama mnataka, bila majina.

Na mtu asiniambie Waswahili hatuwezi kujenga kitu cha pamoja mtandaoni. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na ina makala zaidi ya 80,000, zimeandikwa na watu wasiolipwa. Kuna makala za mistari miwili humo, najua, zinatia aibu. Lakini zipo, zina historia ya nani alibadili nini na lini. Hadithi zetu hazina hata hicho.

ShambaDarasa

Nani atakaa na hiyo fleshi? Na akifa?

RafuYaJuu

Hapo ndipo penye mfupa. Nafanya kazi kwenye maktaba, siisemei taasisi yoyote. Sheria ya maktaba ya 1975 inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu chake Maktaba Kuu. Ndiyo maana kitabu kilichochapwa kihalali kina nafasi ya kuonekana baada ya sote kuondoka. Sheria ile iliandikwa watu wakiwa na karatasi vichwani. Mtunzi wa WhatsApp hana mchapishaji, hana jalada, wengine hawana hata jina halisi. Akija kaunta na simu yake mkononi, aliyepo kaunta hajui aandike nini kwenye daftari.

Kuna njia ya kupita hapo katikati. Akichagua hadithi yake iliyo bora, akaichapa hata nakala kumi kwenye stationery na kuijalidi, akaiombea ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, tayari ni kitabu na kinapokelewa. Waliojaribu wapo. Pia milango ya tuzo iko wazi zaidi kuliko zamani: ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell inapokea hata miswada ambayo haijachapwa, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeanza kutolewa 2023. Ila muswada wenye Jackson na Johnson hautavuka mchujo wa kwanza.

KurasaZaNjano

Nimewasoma wote. BintiPwani, hoja yako ya wanakili ndiyo iliyoninyima usingizi, lakini siimezi nzima. Wanawake wa Lamu walinakili walichokipenda kwa miaka, kwa hiyo kilichopita kwenye chujio lile kilikuwa kimependwa na wengi. Mwizi wa leo ananakili kilicho moto wiki hii, wiki ijayo anakifuta aweke kingine kwa sababu ukurasa wake unalipwa kwa matangazo. Chujio lake ni pesa ya Jumatatu. Na anakata mwisho wa hadithi ili msomaji amfuate kwake. Nimekuta hadithi moja imesambaa kurasa nyingi na zote zinaishia sehemu ya 31, mwisho hakuna anayeujua isipokuwa waliolipia, na grupu lao limeshavunjika.

Sasa niende kwenye kitendo. MtunziWaUsiku, kama RafuYaJuu na NyayaZaKompyuta wako tayari kushika pande zao, unaweza kutoa hadithi moja tu tuanze nayo? Hadithi nzima, iliyosafishwa, nakala kumi zijalidiwe, moja ipelekwe Maktaba Kuu, moja kwa bibi wa Lamu.

MtunziWaUsiku

Natoa moja, ya zamani, ambayo imeshaacha kuuza. Masharti: jina langu halisi ndani, nakala ya kielektroniki asipewe mtu hadi niseme mwenyewe, na mama wakwe wanabaki wachawi. Na sitaki aibu ya mimba ya miezi mitano kusomwa na mwanahistoria, kwa hiyo nahitaji mhariri. Mkuu FundiChapa, wewe unachaji kwa kurasa au kwa sehemu?

FundiChapa

Kwa marehemu. Kila utakayemfufua, elfu tano. Njoo PM.